Wanaojenga Kigoma: bimu inavutwa wapi na inakatwa wapi (uzi wa nondo na ringi)

MtuWaGungu (mtoa uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimeamua kuandika huu uzi maana ukizunguka sasa hivi Mwanga, Gungu, Katubuka hadi kule Mwandiga unakuta fremu za maduka zinapanda kila kona, watu wanamwaga slabu juu wakitegemea baadae waongeze ghorofa, na sehemu nyingi ukisimama ukaangalia nondo zilivyofungwa kabla zege halijamwagwa roho inauma kweli. Nondo zipo, hela imetoka, waya umefungwa vizuri, ila chuma kimewekwa upande ambao hakina kazi. Na ringi (zile pete za chuma chembamba zinazozungushiwa nondo) ndo usiseme, zinapangwa kama vile kazi yake ni kushikilia nondo zisihame tu.

Naomba twende taratibu. Bimu, yaani boriti ya kubeba mzigo, ikikaa juu ya nguzo mbili ikabebeshwa mzigo inashuka katikati, hata kama ni milimita mbili tatu ambazo jicho halioni. Ikishuka, uso wa juu unafupika kidogo na uso wa chini unarefuka kidogo. Kwahiyo juu inabanwa, chini inavutwa, na humo katikati ya kimo chake kuna mstari ambao haubanwi wala hauvutwi. Mkazo wa kupinda unaanza sifuri kwenye huo mstari afu unakua kadiri unavyosogea mbali nao, hadi juu kabisa na chini kabisa ndo unafika kileleni. Huo mstari uliwatesa wakubwa, Galileo mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1638 alichukulia kwamba boriti iliyotoka ukutani inavutwa kimo chote na inageukia ukingo wa chini, na hesabu ikaja kukaa sawa kabisa kwenye maandishi ya Mfaransa Navier mwaka 1826.

Sasa zege tabia yake ni kwamba likibanwa ni hodari, likivutwa ni dhaifu mno, kama sehemu moja ya kumi tu. Zege linalohimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba likibanwa, ukilivuta linapasuka kwenye 2 na kitu hivi. Ndo maana tunaweka nondo, na ndo maana nondo lazima ikae pale panapovutwa, sio popote.

Tufanye mfano. Fremu ya duka yenye uwazi wa mita 4, bimu inabeba tani 2 kwa kila mita, ukuta na slabu pamoja. Mzigo wote tani 8, kila nguzo inapokea 4. Momenti (nguvu inayopinda bimu) ya katikati ni mzigo wa mita moja, mara urefu, mara urefu tena, gawanya kwa 8, unapata tani-mita 4. Bimu ina kimo cha sm 40, ukitoa zege la kufunika nondo, umbali kutoka pale panapobanwa juu hadi kwenye nondo za chini ni kama sm 32. Gawanya 4 kwa 0.32 unapata tani 12 na nusu. Soma tena hapo. Mzigo ni tani 8 ila nondo zako za chini zinavutwa kwa tani 12 na nusu, kwa sababu kimo cha bimu ni kifupi ukilinganisha na urefu wake. Ukipunguza kimo ili "dari lisishuke" hiyo namba inapanda hapohapo.

Na mwenye nyumba akibadilisha mawazo, sasa anataka gari iingie, mita 5 badala ya 4, watu wanaona ni mita moja tu bwana. Nguvu kwenye nguzo inatoka tani 4 kwenda 5, sawa, ila momenti inatoka 4 kwenda 6.25, na kule kushuka katikati kunaongezeka karibu mara mbili na nusu maana urefu unaingia kwenye hesabu ukiwa umejizidisha mara nne. Afu kwenye hiyohiyo bimu anakuja mtu anasema nondo za 16 zimeisha dukani weka za 12. Mbili za 16 zina eneo la milimita za mraba 402, mbili za 12 zina 226. Hapo umeondoa karibu nusu ya chuma kwa mdomo tu.

Hizi namba ni za kuelewea, hazina nyongeza za usalama ambazo injinia anaziweka, mtu asizichukue akaenda nazo saiti.

Hiyo ni kupinda. Kuna mkazo wa pili, wa kukata, mafundi waliopita chuo wanauita shia, na huu ndo unaodharauliwa. Wenyewe kwa mzigo uliosambaa unakuwa sifuri katikati ya bimu na unakuwa mkubwa kule mwishoni karibu na nguzo. Na ukiangalia kimo cha bimu, juu kabisa na chini kabisa ni sifuri, kileleni ni pale kwenye ule mstari wa kati, kwa bimu ya umbo la mstatili unafika mara moja na nusu ya wastani. Yaani pale ambapo kupinda kumelala, kukata ndo kumeamka.

Ukitaka kuuona kwa macho chukua mbao mbili za 2x4 uzipandanishe zikiwa zimelala, usipigilie, weka juu ya tofali mbili mtu akae katikati. Angalia ncha zake, zilikuwa zinalingana, sasa ya juu na ya chini zimepishana, zimeteleza. Huo mtelezo ndo mkazo wa kukata unavyotaka kufanya ndani ya kila bimu. Zigundishe hizo mbao kwa gundi na skrubu hadi ziwe kitu kimoja, mtelezo unazuiwa, nguvu inakuwa mara 2 na ugumu mara 4, kwa mbao zilezile. Mrusi mmoja, Dmitrii Zhuravskii, ndo alikuja na hesabu yake alipokuwa kwenye madaraja ya mbao ya reli ya St Petersburg kwenda Moscow, ile iliyojengwa 1842 hadi 1851, akaona mbao ni dhaifu sana kwenye kukatika kufuata nyuzi zake.

Kwenye zege mambo ni tofauti kidogo. Kukata kwa wima na kukata kwa ulalo vikikutana vinazaa mvuto wa mshazari, nyuzi 45 hivi, na tumeshasema zege na mvuto haviivi. Ndo unaona ule ufa unaoanzia karibu na nguzo chini unapanda kwa mshazari kuelekea katikati juu. Nondo za chini haziwezi kuuzuia peke yake. Anayeuzuia ni ringi, kwa sababu ringi inasimama wima na ufa lazima uivuke. Hiyo ndo kazi yake.

Karibuni wadau, aliye na swali aulize.

binti_Ujiji

Asante sana mkuu, umeeleza hadi mimi mwalimu wa historia nimeelewa. Sasa swali, mi najenga na mbele nataka kibaraza cha zege kitoke nje mita moja na nusu bila nguzo, fundi kaniambia nondo zinakaa chini kama kawaida. Ni sawa?

MtuWaGungu

Dada yangu hapana, simamisha kwanza hiyo kazi. Kitu kilichoshikwa upande mmoja upande wa pili kinaning'inia, kikibeba mzigo ncha inashuka, kwahiyo uso wa JUU ndo unaorefuka. Panapovutwa ni juu, nondo kuu zikae juu. Ukiziweka chini zitakuwa kwenye upande unaobanwa ambao zege lenyewe lilikuwa linatosha, na juu kutabaki zege tupu linavutwa.

Afu angalia na hesabu yake. Momenti ya kibaraza ni mzigo mara urefu mara urefu gawanya kwa 2, sio kwa 8. Urefu uleule, mzigo uleule, momenti ni mara 4 ya ile ya bimu yenye nguzo pande mbili, na yote inajikusanya pale kinapotokea ukutani. Kwahiyo hizo nondo za juu zisiishie ukutani, zirudi ndani ya slabu au bimu ya nyuma vya kutosha, mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu uliotoka nje ndo watu wengi wanafanya, injinia wako atakupa namba kamili. Na nyuma pawe na uzito wa kukishikilia.

Kitu kingine simama mwenyewe siku ya kumwaga. Nondo za juu mmezifunga vizuri, afu saidia fundi wanapita juu yake na karai za zege, zinashuka sm 4 au 5 hakuna anayeziinua. Slabu yenyewe ina sm 15! Umbali ule kutoka nondo hadi upande unaobanwa umepungua kama theluthi au zaidi na huwezi kujua maana zege limeshafunika. Weka vijiti vya chuma vya kuzibeba, na weka mbao za kupitia watu.

Mirunda ya kibaraza itolewe kuanzia ncha ya nje kurudi ukutani. Ya bimu ya kawaida inaanzia katikati kwenda kwenye nguzo. Ukianza kutoa ya karibu na ukuta ukaacha ya nchani umeigeuza kibaraza kuwa bimu ya kawaida, juu ya nondo ambazo haziko upande huo.

RelinaTabora

Salamu kutoka Tabora. Mi nimekulia karibu na reli, siku zote najiuliza kwanini chuma cha reli kina kichwa kinene, kiuno chembamba na kitako kipana, nilidhani ni kubana matumizi tu. Ina uhusiano na haya unayosema?

MtuWaGungu

Ni haya haya. Reli ni bimu ndefu inayolala juu ya mataruma, gurudumu likiwa katikati ya mataruma mawili chuma kinapinda. Mkazo wa kupinda uko juu na chini, kwahiyo chuma kimepelekwa huko, kichwani na kwenye kitako (kichwa kimeongezewa unene pia sababu gurudumu linakila taratibu). Kiuno kazi yake kubwa ni kupokea ule wa kukata na kuvishikilia hivyo viwili visitelezeane, na kwa kazi hiyo wembamba unatosha. Kubana matumizi ni kweli, ila kunafuata mkazo ulipo. Hiyo reli yenu ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kila taruma likiharibika likaacha pengo urefu wa bimu unaongezeka maradufu papo hapo, ndo maana wakaguzi wanatembea kwa miguu kuyaangalia.

Na hapa bandarini Kigoma tuna bimu nyingine ambayo watu hawaiiti bimu. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg Ujerumani 1913 ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapahapa, ile bodi nzima ni bimu. Wimbi likiwa chini ya tumbo, pua na mkia vinaning'inia na sitaha ya juu inavutwa, kama kibaraza cha dada hapo juu. Likihamia kwenye pua na mkia katikati kukabaki bonde, upande wa chini ndo unavutwa. Inabadilika hivyo safari nzima meli ikiwa majini, na chuma chake kilistahimili mengi, kilizamishwa 1916, kikaopolewa 1924, 1927 kikarudi kazini.

Mzee_wa_Kasulu

Vijana nawasoma. Mimi nimejenga tangu enzi za mwalimu, ringi naweka kila sm 30 kutoka nguzo hadi nguzo na hakuna bimu yangu iliyoanguka. Hizi ringi za kubananisha ni kumla mwenye nyumba hela.

MtuWaGungu

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu kazi zenu, na nyumba nyingi za chini zenye lenta fupi za mita moja na nusu na ukuta wa tofali za kuchoma juu yake kweli hazisumbui, maana tofali zikishakauka zinajibeba zenyewe kama upinde na lenta inabaki na kijipembetatu kidogo cha uzito juu yake. Shida ni hizi bimu za sasa, ndefu, zina slabu juu.

Hebu tuchore ufa. Bimu ya kimo cha kazi (kutoka uso wa juu hadi kwenye nondo za chini) sm 36, ufa wa mshazari wa nyuzi 45 ukipanda kutoka chini hadi juu unatembea sm 36 kwa ulalo. Ringi zikiwa kila sm 30, ufa unaweza kukutana na ringi moja tu njiani. Moja hiyohiyo ndo ibebe tani zote za pale nguzoni. Ukiweka kila sm 15 unakutana na mbili au tatu. Kanuni za zege za Uingereza za BS 8110 ambazo mainjinia wetu wengi wamezisomea (kwao ziliondolewa 2010) zilisema umbali usizidi robo tatu ya kimo cha kazi, kwa bimu hii ni sm 27, na hiyo ni dari yake hata pale katikati kulikopoa. Kwahiyo 30 imeshavuka.

Na hela wala haiendi sana mzee. Unabananisha kule kwenye ncha tu, tuseme robo ya urefu kila upande, katikati unaachia. Anayepanga umbali mmoja kote ndo anayepoteza, ncha zimepungukiwa na katikati kuna ringi zimekaa bure.

Halafu namna ya kuvunjika inatofautiana. Bimu ikishindwa kwa kupinda, kama chuma kimewekwa kwa kiasi, inakuonya kwanza, nyufa zinafunguka chini, inashuka, watu wanapata muda wa kutoka. Ikishindwa kwa kukatwa inaachia ghafla. Mimi kwa upande wangu nikiambiwa nichague pa kubana hela, ringi za nguzoni ndo za mwisho kabisa kuguswa.

Mzee_wa_Kasulu

Marahaba. Hilo la kuchora ufa nimelielewa, sijawahi kulisikia likisemwa hivyo. Na mkunjo wa ringi?

MtuWaGungu

Mkunjo wa vichwa uingie ndani ya tumbo la bimu, nyuzi 135 hivi, sio 90 tu ukaishia kwenye zege la kufunika. Zege la nje likibanduka ule wa 90 unafunguka na ringi haishiki tena. Na usipange viungo vyake vyote kona moja, vipishane.

seremala_Ipuli

Mi wa mbao huku Tabora. Zege mnajua nyie, niambieni boriti za dari. Kuna mteja ananibishia 2x6 nilaze ili "ikae pana".

MtuWaGungu

Msimamishe huyo mteja pamoja na mbao yake. Nguvu ya kupinda inafuata upana mara kimo mara kimo. Ikilala ni 6 mara 2 mara 2, unapata 24. Ikisimama ni 2 mara 6 mara 6, unapata 72. Mara 3 ya nguvu, na kwa kutokushuka ni mara 9, mbao ileile iwe ya mninga au mkurungu. Ila ikisimama hakikisha ncha zimeshikwa isije ikalala kwa ubavu.

Kingine naomba sana, acheni kuchonga ncha ya boriti kwa chini ili ikae vizuri juu ya ukuta. Hapo ndo kwenye nguvu kubwa ya kukata na umepunguza kimo palepale, mbao inachanika kwa ulalo kuanzia kwenye ile kona ya ulipochonga na inaendelea kufuata nyuzi. Kama lazima kuchonga, bora utoe kidogo kwa juu, au ushushe ukuta.

mabomba_Kibirizi

Kaka mi fundi bomba. Kuna jamaa anataka bomba la choo la inchi 4 lipite kwenye bimu karibu na nguzo, kashaanza kuchimba na patasi. Ukisema katikati ya kimo hakuna kupinda si ndo sehemu salama ya kutoboa?

MtuWaGungu

Ndugu yangu mwambie aache hapo alipofika! Katikati ya kimo hakuna kupinda, kweli, ila karibu na nguzo katikati ya kimo ndo kwenye kukata kwa juu kuliko kote, na akikutana na ringi ataikata ili bomba lipite. Bimu ina kimo cha sm 40, bomba na ganda lake la nje (sleevu) sm 11 au 12, umeondoa zaidi ya robo ya kimo pale pale panapohitajika.

Tundu kama haliepukiki lipangwe kabla ya kumwaga, liwe usawa wa mstari wa kati, na lisogee mbali na nguzo kuelekea katikati ya urefu ambako shia imepoa, na injinia aongeze ringi pembeni yake. La inchi 4 kwa bimu hii mi ningelipitisha chini ya bimu kabisa na kulificha kwa dari. Hilo alilochimba lijazwe kwa mchanganyiko maalum wa saruji wa ukarabati baada ya injinia kuangalia kama ringi imeguswa.

frem_Mwanga

Wakuu mi ndo nimeshtuka. Fremu yangu ina miaka kadhaa, bimu ya mbele ina nyufa mbili. Moja iko katikati chini imesimama wima, nyembamba kama unywele. Ya pili iko karibu na nguzo ya kushoto imelala mshazari, naweza kuingiza kadi ya simu. Juu nimeweka simtanki la lita 5,000.

MtuWaGungu

Mkuu ule wa katikati usikutishe sana, zege la upande unaovutwa huwa linapasuka kidogo nondo zinapoanza kufanya kazi, unywele ni kawaida, uangalie tu usikue. Wa mshazari ndo nauogopa. Lita 5,000 ni tani 5 za maji, na zimekaa sehemu moja, kama simtanki lipo karibu na hiyo nguzo ya kushoto karibu mzigo wote unapita kwenye hiyo ncha.

Leo hii fungua koki maji yatoke. Afu tafuta mirunda mizito, simamisha miwili mitatu chini ya bimu kuanzia pale ufa unapoanzia kwenda katikati, chini weka ubao mpana isizame, juu weka ubao na kabari ikaze bila kuinua bimu. Wapangaji wa fremu hiyo wahamishe biashara kwanza. Usizibe ufa kwa saruji, ukiziba utakuwa umefuta ushahidi na nguvu hairudi. Chora mstari kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa uandike tarehe, ukivuka mstari ujue unatembea. Halafu nenda ofisi ya injinia wa manispaa uombe mtu aje aone, beba na picha za ringi kama bado unazo za wakati wa ujenzi, hizo ndo atauliza kwanza.

frem_Mwanga

Maji nimeshafungulia. Picha za ujenzi ninazo, ringi naona zimepangwa mbalimbali sana hadi kwenye nguzo. Mirunda naifuata sasa hivi.

MtuWaGungu

Sawa mkuu. Ukisimamisha anza na ule wa karibu na ufa, na mtu asikae chini ya bimu wakati unakaza kabari, kaza ukiwa upande wa nje.